Nzi wa Matunda na Kemikali Zinazoharibu Jeni

Nzi wa matunda aitwaye Drosophila melanogaster, mdudu ambaye urefu wake haufiki hata milimita 3, ndiye aliyewapa wanasayansi ushahidi wa kwanza usio na shaka kwamba kemikali inaweza kuingia mwilini mwa mnyama, ikabadili jeni zake, na badiliko hilo likarithiwa na watoto na wajukuu. Ushahidi huo ulipatikana mjini Edinburgh, Scotland, mwanzoni mwa miaka ya 1940, zaidi ya miaka kumi kabla ya umbo la DNA kujulikana. Kwa muda mrefu baada ya hapo, nzi huyo alitumika kupimia dawa za hospitali, viuatilifu, viungio vya vyakula na kemikali za viwandani, ili ijulikane ipi inaharibu urithi na ipi haina neno. Mwaka 2014 kipimo chake kikuu kiliondolewa kwenye orodha ya vipimo vinavyotambuliwa kimataifa.

Nzi huyu si yule anayewatia hasara wakulima wa maembe. Nzi wa maembe, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa nchini Kenya mwaka 2003 akitokea Asia, ni mkubwa zaidi na hutaga mayai ndani ya tunda lingali mtini. Drosophila ni vile vijinzi vyenye macho mekundu vinavyozagaa juu ya ndizi zilizopitiliza kuiva, kwenye majalala ya sokoni na pembeni mwa mitungi ya pombe ya kienyeji. Vinachofuata ni hamira inayochachusha sukari ya tunda. Asili yake ni kusini mwa Afrika. Mwaka 2018 watafiti walieleza jinsi walivyomkuta porini katika vilima vya Matobo, Zimbabwe, akitegemea matunda ya mng'ongo. Kutoka Afrika alisambaa duniani kote akiandamana na binadamu na vyakula vyao.

Sifa zilizomfikisha maabara

Katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, yai la nzi huyu huanguliwa baada ya siku moja hivi. Buu hula na kujivua gamba kwa siku nne au tano, kisha hugeuka pupa, na kufikia siku ya kumi nzi mzima hutoka. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai. Mwili wake una jozi 4 tu za kromosomu, idadi ndogo inayorahisisha kufuatilia nini kimerithiwa kutoka kwa nani. Chakula chake ni uji mzito wa unga wa mahindi uliotiwa molasi, hamira na agari, na rafu moja ya chupa huweza kuhifadhi maelfu ya nzi. Wakileweshwa kwa etha au kwa kaboni dioksidi, humwagwa juu ya kibao chini ya hadubini, wakatengwa kwa brashi ndogo, madume huku na majike kule, kisha wakarudishwa chupani wakiwa hai.

Aliyemfanya nzi huyu kuwa mnyama mkuu wa elimu ya urithi ni Thomas Hunt Morgan wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Katika chumba kidogo kilichokuja kujulikana kama Chumba cha Nzi, Morgan na wanafunzi wake walifuga nzi ndani ya chupa za maziwa na kuwalisha ndizi zilizopondwa. Mwaka 1910 alizaliwa humo dume mwenye macho meupe badala ya mekundu. Kwa kumzalisha dume huyo na kuhesabu rangi za macho ya watoto na wajukuu wake, Morgan alionyesha kwamba jeni ya rangi hiyo husafiri pamoja na kromosomu X. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Alfred Sturtevant, alichora ramani ya kwanza ya jeni zilivyopangwa kwenye kromosomu. Morgan alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1933.

Katika matokeo hayo lilikuwamo jambo ambalo baadaye lingekuwa msingi wa kupima kemikali. Dume wa nzi, sawa na mwanamume, ana kromosomu X moja tu, aliyoipata kwa mama yake. Jike anazo mbili, na jeni iliyoharibika kwenye X moja mara nyingi hufunikwa na jeni nzima iliyo kwenye X ya pili. Dume hana cha kuifunika. Kasoro yoyote iliyo kwenye X yake hujitokeza wazi, na ikiwa kasoro hiyo imegusa jeni ambayo uhai hauwezekani bila yake, dume hufa angali yai, buu au pupa.

Chupa isiyo na madume

Hermann Joseph Muller, mmoja wa waliopitia chumba cha Morgan, alikuwa na swali moja lililomkera: mabadiliko ya jeni hutokea kwa kiasi gani, na je, yanaweza kuchochewa? Kuwatafuta nzi wenye macho au mabawa ya ajabu hakukumfaa, kwa sababu mabadiliko ya namna hiyo ni machache na jicho la mtafiti huweza kuyapita bila kuyaona. Muller aliamua kuhesabu vifo.

Alitengeneza kizazi cha nzi kilichoitwa ClB. Majike wa kizazi hicho walikuwa na kromosomu X moja iliyobeba alama tatu: sehemu iliyopinduliwa, inayozuia kromosomu hiyo kubadilishana vipande na mwenzake, jeni ya kuua, inayomwangamiza dume yeyote anayeirithi, na jeni inayolifanya jicho kuwa jembamba kama mstari, ili mbebaji atambulike kwa kumtazama tu. Muller aliwapiga madume mionzi ya eksirei, akawazalisha na majike wa ClB, kisha akachukua binti mmoja mmoja mwenye jicho jembamba na kumweka katika chupa yake pamoja na madume. Binti huyo alikuwa na X moja ya ClB na X nyingine iliyotoka kwa baba aliyepigwa mionzi. Nusu ya wanawe wa kiume ilibidi wafe kwa sababu ya ClB. Kama mionzi ilikuwa imetia badiliko la kuua kwenye X ya pili, nusu iliyobaki nayo ilikufa. Chupa ya namna hiyo ilijaa majike watupu. Mtafiti aliinyanyua, akaitazama, akaandika jibu: badiliko lipo.

Matokeo yalichapishwa Julai 1927 katika jarida la Science, na mwaka huohuo Muller aliyawasilisha kwenye mkutano wa kimataifa wa wanajenetiki mjini Berlin. Wakati huo alikuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Texas. Kwa vipimo vikubwa vya mionzi, mabadiliko yaliongezeka hadi takribani mara 150 kuliko yanayotokea yenyewe. Lewis Stadler alipata matokeo ya aina hiyo kwa shayiri na mahindi. Muller alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1946, mwaka mmoja baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, wakati ambapo madhara ya mionzi kwa vizazi vijavyo yalikuwa gumzo la dunia.

Mionzi ilikuwa imekwisha kuthibitika, lakini kemikali bado. Mwaka 1932 Vladimir Sakharov wa Umoja wa Kisovieti aliripoti athari ndogo ya iodini kwa nzi, na wengine walijaribu vitu vya kila aina bila kupata jibu la wazi. Wengi waliamini kwamba jeni imehifadhiwa mno ndani ya seli kiasi kwamba kemikali haiwezi kuifikia.

Gesi ya haradali

Charlotte Auerbach alizaliwa Krefeld, Ujerumani, mwaka 1899. Alikuwa Myahudi na mwalimu wa shule, na mwaka 1933 alipoteza kazi baada ya Wanazi kushika madaraka. Alikimbilia Edinburgh, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1935 katika Taasisi ya Jenetiki ya Wanyama, na akabaki hapo kama msaidizi mwenye mshahara mdogo. Muller naye alifika Edinburgh mwaka 1937, baada ya kukaa miaka kadhaa Umoja wa Kisovieti na kuondoka huko siasa zilipoanza kuwaandama wanajenetiki. Ni yeye aliyemshauri Auerbach aachane na uchunguzi wa maumbile ya nzi na kushughulikia mabadiliko ya jeni.

Wazo la kujaribu gesi ya haradali lilitoka kwa wanafamakolojia. Gesi hiyo, ambayo kwa hakika ni majimaji yenye mafuta yanayotoa mvuke, ilitumiwa kwa mara ya kwanza vitani mwaka 1917 karibu na Ypres, Ubelgiji. Alfred Joseph Clark na John Michael Robson wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliona kwamba vidonda vyake vinafanana na vile vya eksirei: hukawia kupona, na vikishapona hurudi. Kama kidonda kinafanana, walijiuliza, je, na madhara ndani ya seli yanafanana?

Majaribio yalianza mwishoni mwa mwaka 1940. Nzi waliwekwa kwenye mvuke wa sumu hiyo juu ya paa la idara ya famakolojia, kwa vifaa duni, na Auerbach aliungua mikono. Kisha aliwazalisha nzi waliosalimika kwa mbinu ya Muller na kuhesabu chupa zisizo na madume. Katika nzi ambao hawakuguswa, chupa za namna hiyo zilikuwa nadra sana. Katika waliovutishwa gesi, zilikuwa nyingi kiasi cha kuondoa shaka yoyote. Mwaka 1941 Muller, aliyekuwa amekwisha kurudi Marekani, alituma simu ya maandishi ya pongezi.

Pongezi hizo zilibaki za faragha. Gesi ya haradali ilikuwa silaha, na serikali ya Uingereza haikuruhusu matokeo yatangazwe Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea. Taarifa ilitoka mwaka 1946 katika jarida la Nature. Ndani yake na katika kazi zilizofuata Auerbach alieleza tofauti mbili kati ya gesi na mionzi. Kwanza, gesi ilileta mabadiliko mengi ya jeni moja moja lakini uhamaji mchache wa vipande kutoka kromosomu moja kwenda nyingine. Pili, baadhi ya mabadiliko hayakutokea papo hapo: mbegu ya dume ilibeba jeraha ambalo halikukomaa hadi mtoto alipoanza kukua, na hivyo nzi mmoja akawa na sehemu ya mwili iliyobadilika na sehemu isiyobadilika.

Sumu hiyohiyo ilikuwa ikielekea upande wa tiba. Mwaka 1942 madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale walimtibu mgonjwa wa saratani kwa haradali ya naitrojeni, ndugu wa karibu wa gesi hiyo, na huo ukawa mwanzo wa tiba ya saratani kwa kemikali. Kinachoua seli ya saratani ndicho kilichokuwa kikiharibu jeni za nzi: kemikali inajishika kwenye DNA na kuizuia isinakiliwe vizuri.

Formalini na fimbo ya siasa

Upande wa pili wa Ulaya, mwanajenetiki Iosif Rapoport alifikia ugunduzi wa aina hiyohiyo kwa njia yake. Alipigana Vita vya Pili vya Dunia katika jeshi la Kisovieti na kupoteza jicho moja. Mwaka 1946 alitangaza kwamba formaldehidi, kemikali iliyomo katika formalini inayotumika kuhifadhia maiti na sampuli za hospitali, huleta mabadiliko ya jeni ikichanganywa katika chakula cha mabuu ya nzi. Aliongeza kemikali nyingine kadhaa, ikiwemo ethilenimini, iliyokuwa na nguvu kubwa.

Rapoport hakupata nafasi ya kuendelea. Agosti 1948, kwenye kikao maarufu cha chuo cha sayansi ya kilimo mjini Moscow, mwanakilimo Trofim Lysenko alitangaza kwa baraka za Stalin, mtawala wa nchi hiyo, kwamba jenetiki ya kromosomu ni uongo wa mabepari. Rapoport alisimama kuitetea. Alifukuzwa katika Chama cha Kikomunisti na kazini, akafanya kazi nje ya jenetiki hadi mwaka 1957.

Auerbach aliifuatilia formaldehidi na kuonyesha jambo ambalo wapimaji wa kemikali hawakulisahau tena. Ikiwa ndani ya chakula, ilibadili jeni za mabuu wa kiume peke yao, na tena katika hatua maalumu ya kutengenezwa kwa mbegu. Hivyo kemikali moja inaweza kuonekana salama au hatari kwa kutegemea imeingiaje mwilini, katika umri gani, na imekuta seli ya uzazi katika hatua ipi. Miongo kadhaa baadaye, mwaka 2004, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka formaldehidi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kutoka udadisi hadi usalama wa umma

Kwa Auerbach na Rapoport, kemikali zilikuwa njia ya kuielewa jeni. Katika miaka ya 1960 swali lilianza kugeuka. Viwanda vilikuwa vikitoa kemikali mpya kila mwaka, na maafa ya thalidomide, dawa iliyosababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na ulemavu, yalikuwa yameonyesha kwamba vipimo vya sumu vya wakati huo vilikuwa na mapengo. Thalidomide ilidhuru mimba, lakini iliamsha hofu pana zaidi: huenda zipo kemikali zinazodhuru vizazi ambavyo bado havijatungwa, na hakuna anayeziona.

Mwaka 1969 Alexander Hollaender na wenzake walianzisha nchini Marekani chama cha wanasayansi wa vitu vinavyobadili jeni katika mazingira. Kufikia mwaka 1971 mbinu za nzi zilikuwa zimeandikwa kwa utaratibu ambao maabara yoyote ingeweza kuufuata. Huko Leiden, Uholanzi, Frits Sobels na Ekkehart Vogel, na mjini Zürich, Uswisi, Friedrich Würgler, walichunguza ni kemikali zipi nzi anazikamata na zipi zinamponyoka. Mwaka 1976 Marekani ilipitisha sheria ya kudhibiti kemikali zenye sumu, na upimaji wa madhara ya jeni ukawa sehemu ya kazi ya serikali. Mpango wa Taifa wa Sumu wa nchi hiyo, ulioundwa mwaka 1978, uliajiri maabara za vyuo kupima kemikali nyingi kwa nzi bila wapimaji kujua wanapima nini, ili matarajio yao yasiguse hesabu. Mwaka 1983 wataalamu walipitia taarifa zote zilizochapishwa na kukuta kemikali zaidi ya 400 zilizokwisha kupimwa kwa njia hiyo. Mwaka 1984 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilikitoa kipimo hicho kama mwongozo wa kimataifa namba 477.

Kipimo kilivyofanyika

Kufikia wakati huo ClB ilikuwa imeachiwa nafasi na kizazi kingine alichokitengeneza Muller, kinachoitwa Basc. X ya Basc ina macho membamba ya rangi ya aprikoti na sehemu zilizopinduliwa, lakini haina jeni ya kuua. Faida yake ni kwamba madume wa Basc huishi, hivyo uwepo wao chupani huthibitisha kuwa chupa yenyewe haikuharibika kwa ukungu au kwa chakula kibaya.

Madume wa kawaida wenye macho mekundu ya mviringo walilishwa kemikali katika maji ya sukari kwa siku chache. Kama haikuonyesha kitu, walidungwa tumboni kwa sindano ya kioo nyembamba, kiasi kisichofika hata sehemu moja ya milioni ya lita. Kemikali za mvuke walivutishwa. Kisha kila dume alipewa majike wa Basc, na baada ya siku mbili au tatu akabadilishiwa majike wapya, mara kadhaa mfululizo. Majike wa kwanza hupokea mbegu zilizokuwa zimekomaa siku ya kuwekewa kemikali. Wa baadaye hupokea zile zilizokuwa bado changa. Hivyo mpimaji alijua si tu kama kemikali inadhuru, bali inadhuru hatua ipi ya utengenezaji wa mbegu.

Mabinti waliozaliwa walizalishwa mmoja mmoja, kila mmoja katika kichupa chake, pamoja na kaka zao wa Basc. Siku kumi hadi kumi na nne baadaye kazi ya kuangalia ilianza. Mpimaji alishika kichupa mbele ya mwanga, akatafuta madume wenye macho mekundu ya mviringo. Akiona hata wawili, aliweka kichupa kando na kuchukua kinachofuata. Asipoona yeyote, na madume wa Basc wamo wakiruka vizuri, kichupa kilipewa namba na uzao wake ukarudiwa ili kuhakikisha kwamba ukosefu huo si wa bahati.

Uzito wa kazi ulikuwa katika idadi. Mabadiliko ya kuua hutokea yenyewe kwenye X kwa kiwango cha chini ya vichupa 3 katika kila 1,000. Ili kusema kwa uhakika kwamba kemikali imeongeza kiwango hicho maradufu, ilibidi kuangalia maelfu ya vichupa vya nzi waliopewa kemikali na maelfu mengine ya wasiopewa. Ilibidi pia kuwa macho na mafungu: seli mama moja ya mbegu ikibadilika, mbegu nyingi hutoka nayo, na mabinti kadhaa wa dume mmoja huonyesha kasoro ileile ambayo kwa hesabu sahihi ni tukio moja tu.

Pamoja na uchovu wake, kipimo kilikuwa na nguvu tatu. Kiligusa mamia ya jeni kwa pamoja, maana X ni takribani sehemu ya tano ya jeni zote za nzi. Kilionyesha urithi wenyewe, mjukuu kwa mjukuu, wala si dalili tu ndani ya seli. Na kilifanyika ndani ya mnyama mzima mwenye vimeng'enya vyake. Kemikali nyingi hazina madhara hadi mwili uzibadilishe wakati wa kujaribu kuziondoa. Nitrosamini, kwa mfano, hazikubadili jeni za bakteria zilipowekwa peke yake, lakini nzi walizigeuza wenyewe mwilini na madhara yakaonekana. Ethilini oksidi, gesi inayotumika kuulia vijidudu kwenye vifaa vya hospitali, ilibainika kubadili jeni za nzi tangu kabla ya miaka ya 1970. Hali ni hiyohiyo kwa sumukuvu aina ya B1, inayotengenezwa na ukungu wa mahindi na karanga. Sumukuvu iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, kwa kuharibu ini kwa ghafla. Kwa wanaoila kidogokidogo kwa miaka mingi, hatari ni saratani ya ini, na chanzo chake ni ule uwezo wa kubadili jeni ambao vipimo vya nzi viliuonyesha.

Vinyweleo vya bawa

Mwaka 1984, mwaka uleule wa mwongozo namba 477, Ulrich Graf, Würgler na wenzao walichapisha kipimo cha haraka zaidi. Hiki hakikuhitaji wajukuu. Msingi wake uliwekwa mwaka 1936 na Curt Stern, aliyeonyesha kwamba hata seli za kawaida za mwili, zisizo za uzazi, huweza kubadilishana vipande vya kromosomu, na uzao wa seli hizo ukaonekana kama doa.

Bawa la nzi limefunikwa na maelfu ya seli, na kila seli huota kinyweleo kimoja. Wapimaji huzalisha mabuu wenye jeni mbili fiche, moja kwenye kila nakala ya kromosomu ya 3: ya kwanza huifanya seli iote vinyweleo vingi badala ya kimoja, ya pili hukifanya kinyweleo kuwa kifupi kilichovimba. Maadamu kila moja inafunikwa na nakala nzima, bawa huwa la kawaida. Mabuu wa siku tatu huwekwa kwenye chakula kilichochanganywa na kemikali, hula hadi wanapokuwa pupa, kisha hutoka na mabawa. Bawa huondolewa, likabandikwa kwenye kioo na kusomwa chini ya hadubini inayokuza mara 400, mstari kwa mstari. Doa dogo la vinyweleo vingi ni ishara kwamba seli moja iliharibiwa. Madoa mawili pacha, moja la vinyweleo vingi na jingine la vinyweleo vilivyovimba, yakiwa ubavu kwa ubavu, ni ishara kwamba kromosomu zilibadilishana vipande. Ukubwa wa doa hueleza madhara yalitokea mapema au yalichelewa, kwa sababu seli iliyoharibiwa mapema hupata muda wa kugawanyika mara nyingi zaidi.

Bakteria wachukua nafasi

Aliyemwondoa nzi kwenye mstari wa mbele ni Bruce Ames wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 alitengeneza kipimo cha bakteria wa Salmonella walioharibiwa jeni ya kutengeneza histidini, kirutubisho ambacho bila hicho hawakui. Kemikali ikibadili jeni, baadhi yao hurejea hali ya awali na kuota kwenye sahani kama vidoti vinavyohesabika. Jibu hupatikana kwa siku mbili, kwa gharama ndogo, na dondoo la ini la panya huongezwa ili kuiga kazi ya vimeng'enya vya mwili. Bakteria zaidi ya milioni mia moja hukaa kwenye sahani moja. Nzi wangehitaji majengo.

Nzi alikuwa na udhaifu mwingine. Baadhi ya familia kubwa za kemikali zinazoleta saratani, kama zile za moshi na lami na amini za rangi za viwandani, zilitoa majibu hafifu kwake. Kemikali iliyokamatwa na nzi ilikuwa ni ya kuogopwa kwelikweli, lakini iliyoachiliwa haikuweza kuhesabiwa kuwa salama. Vipimo vya seli za binadamu na vya uboho wa panya vilipoimarika, wadhibiti walichagua vile vilivyo karibu zaidi na mwili wa mtu. Mwaka 2014 OECD ilifuta mwongozo namba 477 pamoja na vipimo vingine vya zamani vilivyokuwa havitumiki sana.

Kinachoendelea

Kufutwa kwa mwongozo hakukumwondoa nzi maabara. Kipimo cha bawa kinaendelea kutumika vyuoni kupima viuatilifu, mitishamba na chembe ndogo sana za metali. Kemikali zilizofichuliwa kwa nzi zimegeuka pia kuwa zana. Ethili methanisalfoneti, ambayo nzi hulishwa katika maji ya sukari, ndiyo iliyotumiwa na Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus mjini Heidelberg kuharibu jeni makusudi na kugundua zile zinazopanga mwili wa kiinitete. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1995, pamoja na Edward Lewis. Mfuatano wa jeni zote za nzi ulichapishwa mwaka 2000, na jeni nyingi zinazohusika na magonjwa ya binadamu zina wenzao ndani ya mdudu huyu.

Afrika, alikotoka, imeanza kumtumia. Mradi wa DrosAfrica ulianza kuwafundisha watafiti nchini Uganda, katika Kampala International University, na Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, kina maabara ya Drosophila inayochunguza sumu na dawa za mimea. Sababu ni ya kiuchumi: kufuga nzi kunahitaji chupa, unga wa mahindi, hamira na hadubini, wakati kufuga panya kunahitaji jengo maalumu, chakula cha kununua na bajeti ya kila mwezi.

Katika bara ambalo viuatilifu huuzwa kwa wingi madukani na mitishamba hutumiwa na mamilioni ya watu bila kupimwa kama inaharibu jeni, kipimo cha nzi hakiwezi kuwa neno la mwisho. Kinaweza kuwa chujio la kwanza, linalotenganisha kinachohitaji kuchunguzwa upesi na kinachoweza kusubiri, na kwa kazi hiyo bado hakijapitwa na wakati.